Vitabu vya picha vya African Storybook: vinamfaa mtoto wa materneli hapa Goma?

Mzazi anayetafuta kitabu cha picha cha Kiswahili kwa mtoto wa miaka mitatu au minne hapa Goma hana pa kuchagulia sana. Vitabu vizuri vya watoto vinavyouzwa mjini vingi ni vya Kifaransa, na bei yake si ya kila mfuko. Vile vya Kiswahili mara nyingi ni vya kufundishia herufi: picha ya kikombe, chini yake neno kikombe, basi. Vina kazi yake, lakini mtoto akishasema "kikombe" hakuna kingine cha kuzungumza. Kwa hiyo maktaba ya African Storybook inastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu inatoa bure kile kinachokosekana dukani, yaani hadithi fupi zenye picha kubwa, kwa Kiswahili, ambazo unaruhusiwa kuzichapa.

Ni mradi wa taasisi ya Saide ya Johannesburg, Afrika Kusini. Ulifunguliwa mwaka 2014 na kujaribiwa kwanza Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Hadithi unazisoma kwenye tovuti yao, unazipakua kama PDF, au unazifungua kwa programu yao ya simu za Android, ambayo inaendelea kufanya kazi bila intaneti ukishahifadhi hadithi unazozitaka. Leseni ni za Creative Commons, yaani mwenye hadithi ametoa ruhusa ya wazi ya kuinakili na kuichapa kwa masharti machache.

Tunaipendekeza, ila kuna jambo moja linalowapoteza wengi, nalo ni namba ya ngazi.

Hadithi zimepangwa katika ngazi tano. Ya kwanza ina maneno machache tu, ya pili sentensi fupi, ya tatu na ya nne aya, na ya tano ni hadithi ndefu za kusomewa kwa sauti. Mzazi akiona hivyo anaenda moja kwa moja kwenye ya tano, kwa kuwa yeye ndiye atakayesoma. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mtoto wa miaka minne hawezi kusikiliza ukurasa uliojaa maneno huku picha imesimama palepale. Kwenye ukurasa wa tatu ameshageuza kichwa, na wa tano ameshashuka kwenye mkeka. Ngazi hizi zilipangwa kwa ajili ya mtoto anayejifunza kusoma mwenyewe. Hazipimi kitabu kina nini cha kuzungumzwa. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 anza na ngazi ya kwanza na ya pili, hata kama mtoto ni mwepesi wa kusema. Maneno yakiwa machache ukurasani, nafasi iliyobaki ni ya mtoto. Ngazi ya tatu inamfaa aliyekwisha kuzoea kukaa na kitabu. Ya tano iache hadi awe darasa la pili au la tatu.

Basi ukishaiweka namba pembeni, unachagua kwa kuangalia nini? Picha. Fungua hadithi, funika maneno kwa kiganja, uangalie kama picha peke yake inakupa jambo la kusema. Picha nzuri ina mtu anayefanya kitu sasa hivi: anachota, anakimbia, anaanguka, anaficha. Uso wake unaonyesha amekasirika au anaogopa. Kuna kitu kidogo pembeni ambacho mtoto atakiona kabla yako. Na kuna kitu kinachosababisha kingine, ili uweze kuuliza kwa nini. Picha ya watu wamejipanga wakikutazama kama wako kwa mpiga picha haina msaada. Hadithi ambazo utamu wake wote uko kwenye fundisho la mwisho nazo ziruke, maana wa miaka mitatu hashiki fundisho, anashika mbuzi aliyekula shati.

Michoro mingi inaonyesha mitaa ya Kenya, Uganda au Afrika Kusini, na mtoto wa Goma hatakuta humo chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyopakia makaa wala mawe meusi ya volkano. Hilo si kasoro kubwa. Kitu kigeni ni nafasi ya neno jipya, mradi kisizidi kimoja au viwili kwa ukurasa. Kila kitu kikiwa kigeni, mtoto hana pa kushikia. Hadithi za nyumbani, sokoni, mvua, kuku, maji na watoto wanaogombana zinavuka mipaka bila shida; anza nazo.

Sasa lugha. Kiswahili cha maktaba hii ni kile cha Kenya na Tanzania kwa sehemu kubwa, na kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuweka tafsiri yake, ubora unapanda na kushuka. Zipo hadithi zilizopitiwa na wahariri na zipo ambazo hazijapitiwa, kwa hiyo soma hadithi yote peke yako kabla ya kuichapa. Ukikuta sentensi inayokukwaza wewe mtu mzima, ya mtoto itakuwa mbaya zaidi. Ama kuhusu maneno ambayo hapa hatuyatumii, usiyafute yote. Kitabu kikisema "mchicha", gusa picha useme lengalenga, kisha soma mchicha. Kikisema "dagaa", onyesha sambaza. Mtoto anabaki na maneno mawili badala ya moja, na lile la pili atalikuta tena akianza kusoma. Lakini sentensi nzima ikiwa imejengwa kwa namna ambayo nyumbani kwenu haisemwi, iseme kwa Kiswahili chenu. Mtoto anajifunza kusema kwa lugha anayoielewa, na hakuna anayekusahihisha.

Wazazi wengine watauliza: kwa nini Kiswahili, wakati materneli anafundishwa Kifaransa? Kwa sababu mtoto anayejua kueleza kwa Kiswahili kwamba ndoo imetoboka ndiyo maana maji yamekwisha, tayari anajua kupanga sababu na matokeo; Kifaransa kitamletea maneno mengine ya kulisema jambo lilelile. Asiyejua kulieleza kwa lugha yoyote ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Hata sheria ya elimu ya nchi yetu, ya Februari 2014, inazitambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia. Na kama nyumbani tayari kuna kitabu cha picha cha Kifaransa, kitumie kwa njia ileile: acha maandishi, zungumza picha kwa Kiswahili.

Namna ya kukisoma

Hapa ndipo kitabu cha bure kinakuwa na thamani au kinabaki karatasi. Kukisoma mwanzo hadi mwisho huku mtoto amenyamaza kunamzoesha kusikiliza, lakini kunampa nafasi ndogo sana ya kusema. Kinachokuza lugha ni kumfanya mtoto awe msimuliaji, na wewe uwe wa kuuliza na kuongezea. Grover Whitehurst na wenzake wa Marekani waliipima njia hii katika utafiti waliouchapisha mwaka 1988. Wazazi wa watoto wa takriban miaka miwili walifundishwa kuuliza maswali na kupanua majibu. Baada ya mwezi mmoja watoto wao walikuwa wamewapita katika kujieleza wale ambao wazazi wao waliendelea kusoma kwa kawaida. Anayedhani hayo ni ya nyumba za matajiri aangalie Khayelitsha, kitongoji cha watu wa kipato kidogo huko Cape Town. Walezi wa watoto wa miezi 14 hadi 16 walifundishwa kushiriki kitabu cha picha na mtoto, na utafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha lugha na umakini wa watoto hao vimepanda.

Njia yenyewe ina hatua nne: uliza, kubali jibu, liongeze maneno, mrudishie mtoto alisema. Chukua ukurasa wa aina hii: msichana anatoka kuchota, ndoo iko kichwani, maji yanadondoka, nyuma yake kuku anakunywa yaliyomwagika. Kwa Kiswahili cha nyumbani mazungumzo yanakwenda hivi.

"Huyu mutoto iko anafanya nini?"

"Mayi."

"Njo, mayi. Amebeba mayi kwa kichwa. Sema na wewe: amebeba mayi kwa kichwa."

"Amebeba mayi kwa kichwa."

"Juu ya nini mayi inamwangika?"

Halafu unanyamaza. Hesabu moyoni moja hadi tano kabla ya kufungua mdomo tena. Hapa watu wazima wengi wanashindwa: wanauliza, wanangoja kufumba na kufumbua, kisha wanajibu wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji muda wa kutazama, kutafuta neno, na kulitoa. Ukimjibia mara tatu, mara ya nne hatajisumbua.

"Ndoo imetoboka."

"Imetoboka! Ndoo imetoboka chini. Tundu iko wapi? Gusa."

Ona kwamba kwenye "mayi" mzazi hakusema "hapana, nilikuuliza anafanya nini". Alilipokea neno moja na kulirudisha likiwa sentensi ya maneno manne. Kipimo ni hicho: ongeza maneno mawili au matatu juu ya yale ya mtoto, usizidishe. Mtoto wa neno moja mpe sentensi fupi. Anayesema sentensi fupi mpe yenye "kwa sababu" au "halafu". Ukimrundikia hotuba hataweza kuirudia, na hatua ya nne inakufa.

Maswali nayo yana daraja. "Hii ni nini?" ni la kuanzia, na ukibaki nalo peke yake kitabu kinageuka mtihani. Kwa mtoto wa miaka mitatu changanya na "anafanya nini?" na "iko wapi?". Wa miaka minne muulize kwa nini, na nini kitatokea kabla hujageuza ukurasa. Wa mitano muulize jambo la kwake: wewe bido yako ikitoboka njiani utafanya nini? Kwenye hadithi zenye sentensi inayojirudia kila ukurasa, soma ukaache neno la mwisho. Mtoto atalidaka, na mtoto mwenye aibu ambaye hajibu maswali mara nyingi huanzia hapo kusema. Swali moja au mawili kwa ukurasa yanatosha. Kurasa nyingine ziache zipite bila swali, hadithi isikatike.

Kitabu kilekile kirudie. Wazazi wanachoka, wanafikiri mtoto anahitaji kipya kila jioni. Utafiti wa Jessica Horst na wenzake, uliotoka Uingereza mwaka 2011, ulilinganisha watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi ileile mara kadhaa na wale waliosikia maneno mapya yaleyale katika hadithi tofauti. Waliorudiwa ndio walioshika maneno mapya zaidi. Hii ina maana pia kwa mfuko: vitabu vinne au vitano vilivyochaguliwa vizuri vinatosha kwa miezi kadhaa. Mara ya kwanza soma na kuonyesha tu. Mara ya pili na ya tatu uliza. Kuanzia ya nne mwache mtoto ashike kitabu akusimulie wewe, hata akibadilisha habari yote.

Dakika tano hadi kumi zinatosha. Mtoto akianza kugeuza kurasa mbilimbili, usimshike mkono. Mfuate, zungumzia ukurasa alioufungua, kisha funga. Mara mojamoja pitisha kidole chini ya maneno unaposoma, ajue kinachosomwa ni maandishi na kwamba yanaanzia kushoto. Na kwa wa miaka minne na kuendelea chagua neno moja mlipigie makofi: ma-yi, makofi mawili, chu-ku-du, matatu. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia kwa irabu, kwa hiyo sikio la mtoto linazikata kwa urahisi, na mchezo huo ni maandalizi ya moja kwa moja ya kusoma.

Simu au karatasi

Simu inafaa kwa mtoto mmoja aliyekaa mapajani, na ni njia nzuri ya kukijaribu kitabu kabla ya kulipia uchapaji. Zima data kwanza ili ujumbe usiingie katikati ya hadithi, na ongeza mwanga wa kioo. Tatizo lake ni kidole cha mtoto. Anajua simu hutelezeshwa, kwa hiyo anatelezesha, na badala ya kuzungumzia mbuzi mnazungumzia simu. Karatasi haina hilo, na mtoto anaweza kuichukua mwenyewe wakati wowote na kujisomea picha. Kwa matumizi ya kila siku tunachagua karatasi bila kusita.

Pakua hadithi zako zote siku moja palipo na mtandao mzuri, ziweke kwenye fleshi, nenda sekretaria, yaani duka la kuchapa na kunakili. Kompyuta nyingi huko zina menyu za Kifaransa. Wakifungua PDF kwa Adobe Reader, kwenye dirisha la kuchapa waombe wachague "Livret". Kurasa zinajipanga zenyewe ili A4 ikikunjwa katikati iwe kijitabu cha A5. Kila karatasi ya A4 inabeba kurasa 4, kwa hiyo hadithi ya kurasa 16 ni karatasi 4, na ya kurasa 14 nayo ni karatasi 4 zenye nyeupe mbili. Kama mashine haichapi pande mbili, kwanza "Recto uniquement" (upande wa mbele tu), kisha rundo linageuzwa na kurudishwa, halafu "Verso uniquement" (upande wa nyuma tu). Jaribuni kwa hadithi moja kwanza. Kosa la kawaida ni rundo kugeuzwa kwa upande mrefu badala ya mfupi, na kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini.

Ikiwa kurasa za PDF ni za kulala, "Livret" itazibana na kuacha nyeupe kubwa juu na chini. Hapo afadhali uchape kurasa mbili, moja juu ya nyingine, kwenye A4 iliyosimama, ukate katikati, na kushona upande wa kushoto. Picha inabaki kubwa, na picha ndiyo uliyoifuata.

Rangi inagharimu mara kadhaa ya nyeusi, kwa hiyo usilipie rangi kila kitu. Michoro ya mistari myeusi iliyo wazi inavumilia nyeusi na nyeupe. Michoro ya rangi za maji, yenye nyuso nyeusi mbele ya ukuta au miti ya giza, inageuka wingu la kijivu, na mtoto haoni tena nani amekasirika. Hiyo ndiyo ya kulipia rangi. Uliza pia mashine ni ya aina gani: wino wa maji unachuruzika mkono wenye jasho au uji ukigusa, wa leza hauchuruziki. Karatasi ya gramu 80 inatosha ndani. Jalada liwe bristol, ile karatasi ngumu.

Pini za agrafezi tunazikataa kwa umri huu. Zikilegea zinachoma vidole, na anayetia kila kitu mdomoni anaweza kuimeza. Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine kama sentimita 3 kutoka kila ncha. Ingiza sindano kwa ndani kwenye tundu la katikati itoke nje, panda urudi ndani kwa tundu la juu, shuka kwa ndani hadi la chini, toka nje, rudi ndani kwa la katikati. Funga ncha mbili za uzi zikiwa zimekumbatia uzi mrefu uliopita katikati. Uzi mnene wa kushonea viatu unadumu kuliko wa nguo.

Kwa mwalimu wa materneli mwenye darasa zima, A5 haitoshi. Watoto wanne au watano wanaweza kuizunguka, wa sita haoni tena. Ama uwagawe, kundi moja lisome nawe wakati wengine wanachora au kucheza, ama uchape kurasa za A3 na kuzibandika kwenye katoni. Tunapenda zaidi vikundi vidogo, kwa kuwa katika darasa la watoto thelathini walewale watatu ndio hujibu kila swali. Keti chini pamoja nao, kitabu kikiwa ubavuni mwako kimewaelekea wao. Ukijielekezea wewe utasoma vizuri na wao wataona mgongo wa jalada.

Leseni inakuruhusu kubadilisha maneno, na hili shule za hapa zingelitumia zaidi. Unaweza kuchukua hadithi ya ngazi ya pili na kuiandika upya kwa Kiswahili cha Goma, mradi uache majina ya mwandishi na mchoraji, utaje leseni, na useme kwamba umebadilisha. Angalia ukurasa wa mwisho: hadithi yenye alama ya NC kwenye leseni hairuhusiwi kwa biashara, kwa hiyo usiiuze.

Kijitabu kinachotumika kila siku huanza kuchoka kwenye karatasi ya katikati, ambayo hutoka yenyewe, kisha jalada. Usichape kitabu kizima upya. Waambie sekretaria wachape karatasi hiyo moja, kata uzi, iweke mahali pake na ushone tena.